Aliyebaki Nje ya Ukumbi

Kaeni vizuri, na mliosimama mlangoni ingieni ndani, maana haya nitayasema mara moja tu. Iko nchi inaitwa Funguotatu. Asiyenisadiki afunge safari akaione, akirudi tutazungumza. Mimi niliyapata kwa Mwanakheri binti Shee wa Kisimachungu, aliyekwenda kwa miguu yake na kuona kwa macho yake, na sijamjua kwa uongo ila anapotaja umri wake.

Kisimachungu ni mji wa mpunga, hauna kazi nyingine. Mto unaonywesha majaruba yake unatoka huko juu, Funguotatu, ambako wenyewe wamejenga bwawa na kulitia lango la chuma. Mwaka huo lango lilifungwa ili mfereji ulio chini yake ujengwe upya kuta zake. Kuta zikajengwa, mafundi wakanawa mikono wakaenda zao, na lango halikufunguliwa. Mto ukabaki mchanga mtupu. Visima vikaingia chumvi. Miche ya mpunga kitaluni ikaanza kupata umanjano nchani, na kila mkulima alijua kwamba isipopata maji kabla ya mwezi kuandama hakuna kupandikiza, na pasipo kupandikiza watu watafunga virago na mji utakufa.

Basi wakamtuma Mwanakheri. Hawakumtuma kwa upole wake, hapo tusidanganyane. Walimtuma kwa sababu sokoni hapakuwa na aliyewahi kumshinda kwa maneno, na kwa sababu jaruba lake na la mama yake ndiyo yaliyokuwa mwisho wa mto, yaani kiu ilikuwa imeanzia kwake. Mama yake, mtu mzima asiyependa hotuba, alimwagiza amtafute mwenye nchi, amwambie afungue, arudi. Kosa lao watu wa Kisimachungu lilikuwa hilo. Walidhani kila nchi ina mwenyewe.

Alivyosafiri tuyaache, alitembea akafika. Mtu wa kwanza aliyekutana naye mjini Funguotatu, Mwanakheri alimwuliza kiongozi wa nchi ni nani, na yule mtu akamwuliza kwa heshima zote, kiongozi wa nini? Mwanakheri akadhani amekutana na mpungufu wa akili. Akamwuliza wa pili na wa tatu, jibu likawa lile lile, ndipo akakaa chini akaomba afundishwe.

Akafundishwa hivi. Mababu wa nchi ile walimkimbia mfalme mmoja mbaya sana, na walipopata ardhi yao waliapa kwamba hapatakuwa tena na mkono mmoja unaoweza kufungua kitu kizito. Kwa hiyo kila kitu kizito cha nchi kina kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao Mkuu wa Nchi. Wa pili linao Baraza, nalo limekatwa vyumba viwili, cha juu na cha chini, kwa kuwa hata lenyewe halikujiamini. Wa tatu wanao Majaji. Hazina ina kufuli tatu, ghala la silaha lina kufuli tatu, na lango la bwawa halikadhalika. Mwanakheri aliposikia hayo alikiri kwamba ni akili. Hata mimi nakiri. Mfalme yeyote angelia machozi mbele ya mlango kama huo.

Ubaya ni kwamba watu wa Funguotatu wamegawanyika pande mbili, Wavaa Kofia na Wavaa Kilemba. Ukiwavua wanachovaa kichwani huwezi kuwatofautisha, lakini hawaoleani, hawazikani, na mmoja akisema jua limechomoza mwingine hutoka nje kuhakikisha. Lango lilipofungwa, funguo zote tatu zilikuwa mikononi mwa Wavaa Kofia. Kabla halijafunguliwa ukaja uchaguzi. Mkuu akabaki Kofia, Baraza likaenda kwa Vilemba, na Majaji, ambao kwa kiapo hawavai chochote kichwani, wakawa wanakumbukwa na kila mtu walichokuwa wakivaa zamani.

Mwanakheri hakuvunjika moyo. Alipata chumba kwa mjane mmoja jina lake Bi Jokha, akaoga, akajifunga kanga safi, akaanza kubisha milango.

Alianzia Wizara ya Maji, kama ambavyo wewe na mimi tungeanza. Huko alipokewa na Bwana Sudi Mbaruku, mtu mwenye akili na adabu, aliyeketi kwenye kiti kisicho na mgongo. Yeye alikuwa Kaimu Waziri. Waziri kamili hawi waziri mpaka Baraza la Juu limthibitishe, na kabla hajathibitishwa hana ruhusa ya kuegemea, kwa hiyo makaimu wote hupewa viti vya namna hiyo. Bwana Sudi alikuwa amekaimu muda mrefu hata watoto wake walimwita Baba Kaimu na uti wa mgongo ulikuwa umepinda. Alimweleza mgeni kwamba anaweza kuyafikiria maji, kuyazungumzia maji, na hata kuyanywa, ila kuyaamuru hapana. Mwanakheri akauliza Waziri wa Barabara ni nani, akaambiwa yuko kaimu. Wa Afya? Kaimu. Wa Ulinzi? Kaimu wa kaimu, kwa sababu kaimu mwenyewe alikuwa likizo. Nchi nzima ilikuwa imekaa wima pasipo pa kuegemea.

Akaenda kwa Mkuu wa Nchi, Bwana Ngwali Matari, katika jumba lake jeupe. Nje ya chumba alimkuta bwana mmoja aliyevaa vizuri kuliko watu wote wa mji, ametega sikio mlangoni. Huyo ni Makamu. Kisheria kazi yake ni kuuliza kila asubuhi Mkuu kaamkaje, na akijibiwa kaamka salama, kazi yake ya siku imekwisha. Kura za Baraza la Juu zikilingana, huitwa akatie yake, kisha hurudi kutega sikio. Alimwambia Mwanakheri, bila uchungu, kwamba cheo chake ni cha pili kwa ukubwa nchini, na kwamba hana cha kumpa zaidi ya pole.

Mkuu mwenyewe alikuwa mchangamfu. Alimshika mgeni mkono kwa mikono miwili, akamwambia habari za Kisimachungu zinamkosesha usingizi, akatoa ufunguo mfukoni akamwonyesha ili ajue hasemi uongo. Alitaka lango lifunguliwe. Alilitaka kuliko mtu yeyote. Lakini akitia ufunguo wake kwanza, Vilemba watasema anajifanya mfalme, kwa hiyo Baraza litangulie naye atafuata siku hiyo hiyo. Mwanakheri alitoka pale akitabasamu, maskini. Aliona kazi imekwisha nusu.

Barazani, chumba cha chini, alikutana na Spika. Spika ni mkubwa kweli kweli, wa tatu nchini, nyundo yake ikigonga watu mia kadhaa hufunga midomo. Lakini anaweza kuondolewa na wenzake wakati wowote, na waliomtangulia wengi walisimama kusalimia mgeni wakageuka wakakuta kiti kimekaliwa. Kwa hiyo huyu alikuwa amejifunga kiti kiunoni kwa kamba. Alisimama nacho, akatembea nacho, akainama kumwamkia Mwanakheri kiti kikapanda mgongoni. Naye alikubali lango lifunguliwe. Watu wake wote walikubali. Ila wakitangulia wao, Mkuu atachukua sifa, kwa hiyo kwanza pawe na mjadala chumba cha juu.

Mjadala ukafanyika, Mwanakheri akiwa kwenye roshani ya wageni. Sheria ya chumba cha juu ni kwamba aliyesimama kusema hakatizwi mpaka akae mwenyewe, na pasipo yeye kukaa hapana kura. Akasimama mzee mmoja wa Kofia. Alianza kwa kuunga mkono maji, akasema maji ni uhai, kisha akasema ana wasiwasi kidogo kuhusu utaratibu. Akaeleza utaratibu mpaka adhuhuri. Baada ya adhuhuri akaeleza namna marehemu bibi yake alivyopika pilau, kipimo cha mchele, kiasi cha bizari, lini kufunika chungu. Magharibi ilipoingia bado yumo kwenye pilau na mwenyekiti akaahirisha kikao. Watu wakampongeza kwa kulinda haki za wachache. Mwanakheri aliyekuwa na njaa alimchukia mzee yule kwa sababu zake mwenyewe.

Ukabaki mlango wa Majaji. Hao hukaa ofisini hadi kufa, na kwa kuwa kila upande una majaji wake, afya yao ni jambo la taifa. Asubuhi Wavaa Kofia hupanga foleni na supu ya kongoro kwa ajili ya jaji wao mkongwe ili azidi kuishi, na Wavaa Kilemba hupanga foleni ya pili kumwuliza kwa upole kama hajachoka, kama hatamani kukaa na wajukuu zake. Mwanakheri akapita katikati ya foleni hizo. Majaji walimsikiliza vizuri kuliko wote, wakaenda faragha, wakarudi na hukumu. Mahakama hutia ufunguo wake pale tu watu wanapogombana. Je, kuna mtu yeyote Funguotatu anayepinga lango kufunguliwa? Hakuna. Basi hakuna kesi, na pasipo kesi mikono yao imefungwa.

Hivyo ndivyo alivyopigwa danadana. Alirudi kwa Mkuu, Mkuu akamrudisha Barazani, Baraza likampeleka mahakamani, kila mahali akipokewa kwa chai na maneno matamu. Mwanamke aliyekuja kwa vita hakupata wa kupigana naye. Na kila jioni alitazama mwezi ukipungua, akijua nyumbani mama yake anainamia kitalu akipapasa miche kwa vidole.

Siku moja aliamka akamkuta mwenyeji wake, Bi Jokha, amejifunga kaniki nyeusi, ameketi mkekani anakunywa chai na kulia kidogo kidogo. Mwanakheri akashtuka, akakaa karibu yake, akamwuliza kafiwa na nani. Bi Jokha akasema kaka yake, karani wa Baraza. Mwanakheri akampa pole ya kweli, akauliza marehemu alifariki lini.

"Sasa hivi, walipofunga milango," alisema Bi Jokha. "Atarudi kula jioni."

Mwanakheri akataka maelezo, akapewa. Ilikuwa siku ya Hotuba. Mara moja kwa mwaka wakubwa wote huingia ukumbi mmoja, Mkuu na Makamu wake, vyumba vyote viwili vya Baraza, Majaji, mawaziri na makaimu, milango inafungwa, na Mkuu anaeleza nchi inaendeleaje. Huendelea vizuri, kila mwaka. Zamani za mababu paa la ukumbi liliwahi kuanguka siku kama hiyo. Nchi ikakaa bila mkubwa hata mmoja, watu wakapigana wiki nzima wakigombania nani apige kengele ya msiba. Tangu hapo ikatungwa sheria kwamba mtu mmoja lazima abaki nje, mbali na mji, naye anaitwa Mbaki. Na ili kusipite hata nukta moja ya mashaka, sheria ikaongeza kwamba milango ikifungwa, wote walio ndani wahesabiwe marehemu mpaka watoke. Wake zao huvua dhahabu, waume zao hukaa kimya barazani, majirani hupeana pole. Wakitoka wanafufuka na maisha yanaendelea.

"Na funguo?" aliuliza Mwanakheri, kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Maiti anashika ufunguo?" Bi Jokha alimshangaa. "Anaachiwa Mbaki. Zote tatu. Leo yeye ndiye nchi."

Mwanakheri akaweka kikombe chini. Akauliza Mbaki ni nani na yuko wapi, akaambiwa ni Bwana Haji Mnyaa, Waziri wa Mizani na Vipimo. Ni yeye kila mwaka, kwa kuwa sheria inataka waziri kamili na hakukuwa na mwingine nchini aliyethibitishwa. Yeye alithibitishwa zamani, siku ya joto kali, Baraza lilipokuwa na haraka ya kwenda kula na hakuna aliyemjua vya kutosha kumpinga. Hukaa katika nyumba iliyo kilimani juu ya bwawa, kwa kuwa hakuna mahali pa mbali zaidi na ukumbi. Bi Jokha aliyasema yote hayo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Hakuna mtu Funguotatu aliyewahi kufikiri kwamba Mbaki anaweza kufanya kitu. Walitunga sheria ya kumpa mtu mmoja kila walichoapa asipewe mtu mmoja, wakaiita tahadhari.

Hakuimaliza chai. Alipandisha kanga, akakata mji mzima uliokaa matanga, akapanda kilima. Mlangoni walinzi wawili walikuwa wakicheza bao. Wao waliagizwa kumkinga Mbaki na maadui, na moto, na mafuriko, mgeni mwenye shida hakutajwa popote. Mmoja akaingia kuuliza, akarudi akisema mzee anamkaribisha kwa furaha, maana miaka yote hiyo hajawahi kutembelewa.

Mzee Haji Mnyaa alikuwa sebuleni na sahani ya wali wa nazi, magoti amefunga vitambaa vya joto, funguo tatu zinaning'inia shingoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kusahauliwa na asiyeudhika. Mwanakheri akampa shikamoo, mzee akaipokea, akamsogezea sahani. Mgeni hakuigusa.

"Mzee wangu, ni kweli wewe ndiye nchi?"

"Kwa sasa," alisema. "Mpaka wamalize kupiga makofi."

Mwanakheri akamwonyesha dirishani. Lango lilikuwa pale chini, unaweza kulitupia jiwe. Akasema shida yake kwa ufupi, mto, visima, miche, mwezi, na kwamba amebisha kila mlango na kila mwenye ufunguo amekubali. Sasa funguo zote ziko shingo moja. Afungue.

Mzee aliacha kula. "Mwanangu, kazi yangu ni kubaki. Sikuwahi kuambiwa nifanye zaidi."

"Nani alikukataza?"

Alifikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu, akimtafuta mtu huyo kichwani mwake. Hakumpata. Badala yake akacheka kicheko kisicho na raha, akamwambia jambo ambalo Mwanakheri hulirudia mpaka leo.

"Wote hukubali, binti yangu. Ndiyo maana halifunguki. Angekuwapo mmoja anayekataa, wenzake wangemshinda, na lingefunguka siku hiyo hiyo."

Hapo hasira zikampanda Mwanakheri. Alimwambia mzee yule maneno ambayo hakupanga kuyasema. Alisema mama yake ameapa hatahama, atakaa na miche yake hadi mwisho. Alisema yeye anaogopa kurudi, anaogopa kuingia uani mikono mitupu na mama asimwulize kitu, amtazame tu. Alisema amechoka kupewa chai. Kisha akalia, mwanamke ambaye sokoni walimwita kisu, na hakuona haya.

Mzee Haji akangoja mpaka alipomaliza. Naye akasema lake. Kila mwaka, milango ikifungwa, humwomba Mungu paa lisianguke. Watu wanadhani anawaombea wale walio ndani. Anajiombea mwenyewe, kwa sababu likianguka itambidi aamue kitu, na hajawahi kuamua kitu maishani mwake kilicho kikubwa kuliko uzito halali wa kilo ya sukari.

"Wakitoka wataniita mwizi wa nchi," alisema.

"Watakuita," Mwanakheri alijibu. "Na maji yatakuwa yameshafika kwetu."

Kutoka mjini ukasikika mlio wa makofi, mrefu, ukafa. Hotuba ilikuwa bado inaendelea. Mzee Haji alijishika kwenye meza akainuka, magoti yakalia, akamwomba Mwanakheri mkono.

Walishuka taratibu, walinzi wakiwafuata nyuma na kete mikononi, maana hawakuagizwa kuzuia wala kusaidia. Mzee yule alikuwa mtu wa sheria hata katika kuivunja mila. Kwenye kufuli ya kwanza alisimama wima akatamka kwamba Mkuu wa Nchi amefungua, akazungusha ufunguo. Kwenye ya pili alizungusha mara mbili, moja ya chumba cha chini na moja ya chumba cha juu, na hakuna aliyesimama kuzungumzia pilau. Kwenye ya tatu akasita. Akatoa mkono.

Mwanakheri alidhani woga umemrudia. Haukuwa woga. Mzee akamweleza kwa masikitiko kwamba hapa yeye ni Majaji, na Majaji hawatii ufunguo pasipo ugomvi, na hakuna anayepinga. Atawezaje? Alikuwa karibu kulia mwenyewe.

Mwanakheri akamtazama, akatazama mchanga mkavu chini ya lango, akashika kiuno.

"Basi mimi napinga," alisema. "Nasema lisifunguliwe."

Uso wa mzee ukabadilika. Akajinyoosha, akakohoa kikohozi cha mahakama.

"Mlalamikaji, una hoja gani?"

"Sina hoja hata moja."

"Umeshindwa," alisema Mzee Haji Mnyaa, akazungusha ufunguo wa tatu.

Chuma kililia, kikapanda, na maji yakatoka. Mwanakheri anasema hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile, na kwamba yule mzee aliruka nyuma kwa magoti yale yale mabovu, akalowa mpaka kifuani, akacheka kama hana cheo. Walinzi nao wakacheka. Kwa muda mfupi nchi nzima ya Funguotatu ilikuwa watu wanne waliolowa, na ilikuwa ikiendeshwa vizuri.

Marehemu walifufuka alasiri. Walitoka ukumbini wakipeana mikono, wakasikia ngurumo kutoka kilimani, wakakimbia hivyo hivyo na majoho yao, Spika nyuma kabisa kwa sababu ya kiti. Wakaona lango liko juu. Mkuu alikuwa wa kwanza kusema kwamba ahadi yake imetimia. Spika alisema bila shinikizo la Baraza lisingewezekana. Majaji walisema sheria imechukua mkondo wake. Makamu akauliza Mkuu anajisikiaje, akajibiwa anajisikia vizuri.

Baadaye ndipo ikawaingia akilini kilichotokea. Wakataka kumshitaki mzee, lakini kwa muda ule yeye ndiye alikuwa nchi, na nchi haikujua namna ya kujishitaki. Wakataka kumfukuza, ikabidi kwanza athibitishwe mwingine, wakaliacha. Ila jambo moja walilifanya, tena kwa kikao kimoja, Kofia na Vilemba kwa kauli moja, jambo ambalo hata wazee hawakukumbuka limewahi kutokea. Walipitisha sheria kwamba kuanzia sasa kila mwenye ufunguo ataingia nao ukumbini, awe hai au marehemu, na Mbaki atabaki na wali wake tu. Hatari ile haitarudi tena, walisema, na wakapigiana makofi.

Mwanakheri aliyasikia hayo akiwa anafunga mzigo. Alikwenda kumuaga Mzee Haji ofisini kwake, katikati ya mizani. Walizungumza kidogo na mengine hakunisimulia. Alisema tu kwamba watu waliopita mlangoni walikuwa wanamsalimia mzee kwa jina, na kila mara alishtuka.

Maji yalimtangulia. Alipofika Kisimachungu majaruba yalikuwa yamejaa, na mama yake alikuwa ndani mpaka magotini, fungu la miche mkononi, anapandikiza kwa mstari ulionyooka. Hakumwuliza nani kafungua wala cheo chake. Alimwambia apandishe kanga aingie, mistari ya upande wa pili inamngoja. Wakapandikiza siku ile na zilizofuata, na mji mzima pamoja nao.

Mpunga ulikuwa umeshaanza kushika rangi ya kijani iliyokolea wakati alipofika mjumbe kutoka Funguotatu, amepanda nyumbu, na tangazo la serikali. Watu wakaacha majembe wakamzunguka. Mjumbe akasoma kwa sauti kuu kwamba lango lilifunguliwa kinyume cha utaratibu na kwamba ni lazima lifungwe. Akasoma kwamba Mkuu wa Nchi amekubali. Baraza limekubali, chumba cha chini na chumba cha juu. Majaji nao hawana pingamizi. Funguotatu yote, toka mkubwa hadi mdogo, ina kauli moja.

Wazee wa Kisimachungu walipauka. Mmoja alikaa chini matopeni. Wote wakamgeukia Mwanakheri, aliyekuwa amesimama kwenye tuta, matope mpaka viwikoni.

"Wamekubali wote?" alimwuliza mjumbe. "Una hakika hakuna hata mmoja anayekataa?"

"Hata mmoja," alisema mjumbe kwa fahari.

Mwanakheri akamshukuru, akaagiza apewe maji ya kunywa, akarudi jarubani kumalizia kupalilia mstari wake.